Ulimi wa Bibi Bustani

Kila mwaka, joto lilipoanza kuyaliza mabati ya paa, Bibi Bustani alitandika mkeka mlangoni pa jiko, akashusha makopo yake ya mbegu kutoka juu ya kabati na kuanza kuchagua. Hakuwa na haraka. Makopo yalikuwa kumi na moja: ya majani ya chai, ya maziwa ya unga, na moja la dawa ya viatu alilolikwangua mpaka likang'aa. Alimwaga mbegu kwenye sinia, akazitawanya kwa kidole, akanusa moja, akaitia kinywani na kuing'ata kwa meno ya mbele. Kisha alitulia, macho juu, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Ndipo alipotoa hukumu. "Hii itaota." Au: "Hii maiti, tupa."

Mwaka huu hakung'ata hata moja.

Mkwe wake, aliyekuwa amekaa kizingitini na mtoto kifuani, aliliona hilo tangu kopo la kwanza. Akasubiri la pili, la tatu. Vidole vya mama mkwe vilipanda na mbegu mpaka karibu na midomo, vikashuka nayo. Hakuuliza. Alikuwa mtu wa kuangalia kuliko kusema, na tena kuna maswali ambayo mwanamke hamwulizi mama wa mume wake.

Akauliza lililo jepesi. "Kabichi je, Mama?"

"Kabichi? Kwenye jua hili?" Bibi Bustani alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Kabichi ni bibi harusi, mwanangu, linataka kupepewa. Nani atalishikia feni? Wewe?"

"Nyanya basi."

"Nyanya zitakuchekea kwa maua, siku mbili tu za joto kali, maua yote chini. Tutaweka miche mitatu pale kwenye kivuli cha bafu, ya kujifurahisha. Karoti sahau. Saladi usinitajie kabisa." Alisukuma makopo manne pembeni, mengine akayavuta karibu na goti. "Bamia, ndiyo. Bamia jua likiichapa ndiyo kwanza inarefuka. Kunde, majani tule na maganda tule. Mchicha. Biringanya mstari mmoja. Na mamumunye kwenye uzio." Akainama na kumbana mtoto shavu. "Mamumunye ni ya huyu bi mkubwa hapa. Au siyo, Tonge?"

Tonge, aliyeitwa hivyo kwa sababu alizaliwa mviringo kama tonge la mlafi, alikuwa na miezi minne. Bibi alikuwa ameshapiga hesabu zake. Mumunye la kwanza litakuwa tayari mtoto akitimiza sita. Litachemshwa, litapondwa laini, nalo litakuwa chakula chake cha kwanza baada ya ziwa la mama. Watoto wote wanne wa Bibi walianza hivyo, akiwemo baba yake Tonge, fundi wa kuchomelea mageti, ambaye sasa hapiti mlangoni bila kuinama.

Kabla hajafunga kopo la mamumunye, Bibi alikata gazeti vipande vitano, akafunga ndani ya kila kipande mbegu sita sita. Siku ya pili, bomba la mtaa lilipofunguliwa, alizigawa kwenye foleni ya ndoo. Wanawake walipokea kwa mikono miwili. Fundi cherehani, mama wa watoto watatu aliyepanga chumba mtaa wa nyuma, aliufunga ule mkunjo kwenye ncha ya khanga yake.

"Mbegu ya mtu mwingine ningeuliza maswali," alisema. "Ya Bibi Bustani mimi napanda nimefumba macho."

Na hakuwa anatania. Miaka thelathini na mmoja Bibi Bustani alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni ya wasichana. Wasichana mia nne, mara tatu kwa siku, na hakuna sufuria iliyotoka jikoni kabla ulimi wake haujaipitisha. Kuna siku aliyoisimulia mara nyingi. Maharage yalikuwa yameiva, kengele imeshalia, mwalimu mkuu amesimama mlangoni na saa mkononi. Bibi alionja, akatema, akashika sufuria na kuimwaga yote mtaroni. Alikaripiwa mbele ya wasaidizi wake. Wasichana walikula mkate na chai. Jioni ile ikajulikana kwamba lile gunia lilisafiri kwenye gari moja na dawa ya kuulia wadudu. Tangu hapo hata mwalimu mkuu alikula akiwa amemtazama yeye kwanza.

Ulimi ule ndio uliokuwa cheti chake. Alipostaafu alikuja nao kwenye kibustani hiki nyuma ya nyumba, hatua kumi na nne kwa tisa, na akaufanyisha kazi mpya. Mbegu aliing'ata. Mche ukichomoza, alichuma kipande cha jani la kwanza, akakigusisha kwenye ulimi, na ule uliokuwa mchungu aliung'oa papo hapo. Mumunye la kwanza la kila mmea alilikata kipande kibichi upande wa kikonyo, akakiweka ulimini na kuhesabu mpaka kumi. Ndipo wengine waliporuhusiwa kula.

Kisha msimu wa mvua uliopita homa ilimlaza siku kumi na mbili. Alipona miguu, akapona kifua, akapona mpaka utani wake. Kilichobaki kuugua hakukisema.

Lakini mkwe alikuwa na macho. Aliona maziwa yaliyoganda, ambayo yeye mwenyewe aliyanusa akiwa sebuleni, yakinywewa na mama mkwe mpaka tone la mwisho. Alimwona amekaa karibu kabisa na jiko huku maharage yanaungua, anasimulia habari za binamu yake bila wasiwasi. Siku moja chai ilikuja na chumvi badala ya sukari. Mume alisukuma kikombe, akasema, "Mama, leo umetuandalia bahari?" Wote walicheka, na Bibi alicheka kuliko wote, kisha akakusanya vikombe vyote na kwenda kuviosha mwenyewe.

Wasiwasi ulipomzidi, mkwe alifanya jambo alilolionea aibu tangu alipokuwa analifanya. Alipika mchicha bila chumvi hata chembe. Akampakulia mama mkwe, akasimama na kitambaa mkononi.

Bibi Bustani alitia tonge mdomoni, akatafuna taratibu, akatikisa kichwa kama alivyozoea kufanya kule shuleni. "Leo umepatia, mwanangu. Chumvi imekaa pale pale inapotakiwa."

Mkwe alirudi jikoni na kukaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

Alimwambia mume wake asubuhi yake, akimsindikiza getini. "Mama ladha haisikii. Nimejaribu nikaona."

Fundi alisimamisha baiskeli. "Mama yangu? Mama anaweza kukuambia maji haya yametoka bomba gani."

"Ndiyo nakwambia. Na mwezi ujao anataka kumlisha mtoto."

"Sikiliza, mama Tonge." Aliishusha sauti. "Usije ukamwambia. Umenielewa? Ukimwondolea hilo, unamwachia nini?"

Akapanda baiskeli na kwenda zake, naye akabaki amelishika geti.

Joto lilikaza. Udongo ulipasuka kama kisigino. Nyanya zilifanya kama zilivyotabiriwa, maua yote chini. Bamia ilisimama wima, kunde zikajikunja mchana na kujikunjua jioni, na maji ya kuoshea vyombo yaligawiwa kwa kopo, mche kwa mche. Mmumunye peke yake ndio uliokuwa unafanya sherehe. Ulipanda uzio, ukashuka upande wa pili, ukarudi. Kila asubuhi ulikuwa umeshika kitu kipya: kamba ya nguo, mpini wa jembe, dirisha la bafu. Mkwe alipokuwa akiumwagilia aliona kwamba jani lake halikuwa na tundu hata moja. Viwavi walimaliza mchicha, kuku wa jirani walitoboa biringanya, lakini mmumunye hakuna aliyeugusa. Kuku mmoja aliudonoa mche mdogo uliochipuka pembeni, akarudi nyuma, akasugua mdomo ardhini mara nyingi.

Miche ilipokuwa michanga, Bibi alipita mstari mzima akiwa ameinama, kama kila mwaka. Alichuma kipande cha jani, akakipeleka mdomoni, akasonga mbele. Hakutema. Hakung'oa hata mmoja. Miaka mingine aling'oa miwili, mitatu.

"Mwaka huu yote mitamu?" mkwe aliuliza.

"Yote mitamu," Bibi alijibu bila kugeuka.

Jirani wa upande wa uzio alikuwa dereva wa malori mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Breki kwa sababu hakuwahi kumaliza sentensi bila kuisimamisha katikati. Tangu mwaka juzi alikuwa amepanda vibuyu, si vya kula, vya kukausha na kuning'iniza barazani. Alifika uzioni siku moja, akayatazama mamumunye machanga yaliyoning'inia, akaweka mikono kiunoni.

"Jirani," alisema, "mimi sitaki ugomvi... lakini mbona mtoto wa nyumba yako amefanana na wa kwangu?"

"Nyoo! Mtoto wangu afanane na wewe? Ameota pembe?"

"Tazama kiuno hicho. Mamumunye ya zamani yalikuwa marefu, yamenyooka. Hili limejibana... kama vibuyu vyangu. Usije ukanidai matunzo tu."

"Matunzo ya nini, na wewe mwenyewe hujitunzi? Kanyoe ndevu!"

Walicheka wote wawili. Mkwe hakucheka. Alikuwa analitazama lile tunda, na kiuno kile alikiona.

Siku Tonge alipotimiza miezi sita, Bibi Bustani aliamka akavaa gauni la buluu alilolivaa siku ya kustaafu. Baada ya kifungua kinywa alitoka na kisu, akakata mumunye lililokuwa karibu na mlango, akalikalisha kwenye ubao. Alikata kipande upande wa kikonyo. Akakiweka ulimini. Mkwe alimwona akihesabu, midomo ikicheza: moja, mbili, tatu. Kwenye kumi alikimeza.

"Tamu kama asali," alisema.

Mumunye haliwi tamu kama asali. Mumunye zuri kabisa lina ladha ya maji yaliyopita karibu na tango. Mkwe alisogea. "Na mimi nionje kidogo, Mama?"

Kisu kilisimama. "Unanionjea mimi?"

"Hapana, Mama, nilitaka tu..."

"Nimepikia watoto wa watu mia nne. Miaka thelathini na mmoja. Leo mjukuu wangu mmoja ndiyo nionjewe?" Sauti haikupanda, na ndiyo maana iliuma. "Nenda kamvue mtoto hizo nguo za kulalia. Mletee ile ya maua."

Alikwenda. Hilo atakuja kujilaumu kwalo miaka mingi, kwamba alikwenda. Vifungo vya gauni la maua vilimshinda, mtoto anapiga teke, jasho linamwingia machoni, na kutoka jikoni anasikia sufuria ikichemka na mama mkwe akiimba kwa chini, wimbo wa kubembelezea. Alipomfunga kifungo cha mwisho, Bibi alikuwa ameshaingia, akamchukua mtoto mikononi mwake na kutoka naye. Mkwe alifuata nyuma akitafuta neno la heshima la kumzuia, na kila neno aliloliokota lilikuwa fupi.

Bibi alikaa kwenye mkeka. Tonge mapajani. Kibakuli cha bati, kijiko kidogo. Mumunye lilikuwa limepondwa laini, kijani hafifu, mvuke umeshaisha. Kijiko kilikuwa kimeshapanda na Tonge amefungua mdomo wote, kwa sababu hakuna alilokuwa ameliogopa bado duniani.

Mkwe aliinama, akakishika kile kijiko juu ya mkono wa mama mkwe, akakigeuza na kukitia kinywani mwake.

Uchungu ule haukuja polepole. Ulimpiga kama kofi, ukaziba ulimi, ukashuka kooni na kuyafunga masikio. Alitema ukutani. Alitema tena. Macho yalijaa maji.

"Mama," alisema alipoweza. "Ni chungu. Ni sumu hii."

Tonge alianza kulilia kijiko chake.

"Chungu wapi?" Bibi Bustani alisema. Alimweka mtoto chini kwenye mkeka, kwa uangalifu mkubwa, kama anayeweka yai. Akachukua kibakuli. "Chungu wapi, mwanangu? Mbona mimi nakula?" Alitia kijiko mdomoni. "Mbona mimi nakula?" Cha pili. Cha tatu. Alikuwa anamtazama mkwe moja kwa moja, na ndani ya macho yale hakukuwa na hasira. Yalikuwa yanaomba.

"Mama, basi. Nakuomba, Mama. Basi!"

"Nimeonja mimi. Nimeipitisha mimi." Cha tano. Cha sita.

Mkwe alimpokonya kibakuli, jambo ambalo hakuwahi kufikiri mikono yake ingeliweza. Kilikuwa kimebaki nusu.

Haikupita saa. Kwanza Bibi alishika tumbo na kusema ni gesi. Kisha alianza kutapika, na hakuacha. Alitapika mpaka kikatoka kitu cha rangi ambayo mkwe hakutaka kuitazama mara mbili. Miguu ikawa baridi katikati ya joto lile. Breki aliitwa kupitia uzioni, akaja na gari lake kuukuu, na safari hiyo yote hakusimamisha sentensi wala kitu kingine.

Hospitalini walimlaza, wakamtundikia dripu. Muuguzi aliyekuwa anaandika aliuliza amekula nini, na mkwe, aliyekuwa amekibeba kibakuli kwenye mfuko wa plastiki, akamwonyesha na kumtajia vile vijiko sita. Muuguzi alichovya ncha ya kidole, akagusa ulimi, akakimbilia sinki.

"Mama," alimgeukia mgonjwa, "hiki umekula vijiko sita? Hukusikia?"

Bibi Bustani alitazama dari. Mwanawe alikuwa ameshafika, mikono ina masizi ya kazini, amesimama miguuni pa kitanda. Mkwe yuko kichwani. Wote walisubiri.

"Sisikii kitu," Bibi alisema. "Tangu ile homa. Chumvi, sukari, ndimu, yote sawasawa na maji." Machozi yalimtoka pembeni yakaingia masikioni, naye hakuyafuta. "Mwaka juzi vilipoanza vile vibuyu vya Breki nilisema, maua yatapandana, mbegu zangu zitarithi uchungu wa vibuyu, itabidi niwe mwangalifu, nionje kila mche. Mwaka jana niliikamata mitatu, nikaing'oa. Mwaka huu nikasema labda hakuna. Nikasema Mungu atanisaidia nisiumbuke."

Fundi akamtazama mke wake, kisha sakafu.

"Mama, umepona, tulia," mkwe alisema, akimfuta.

Lakini Bibi alikuwa ameshamshika kifundo cha mkono, na nguvu ya vidole vile ilimshtua. "Gazeti," alisema.

"Gazeti gani, Mama?"

"Vile vipande vitano."

Mkwe hakungoja zaidi. Alimfunga Tonge mgongoni akatoka. Jua lilikuwa bado kichwani, barabara inawaka, na kila nyumba ilikuwa inaandaa chakula cha mchana. Nyumba ya kwanza, ya muuza mkaa, mmea ulikufa kwa kiu. Ya pili, mama alikuwa amekata mumunye moja, akaonja mchuzi, akamwaga akidhani ameunguza vitunguu. Waling'oa mmea pamoja. Ya tatu, mbegu zilikuwa bado kwenye gazeti, zimesahauliwa juu ya redio. Ya nne, mzee mmoja na mkewe walikuwa wamekaa na sahani mbele yao, hawajaanza. Mkwe aliingia bila hodi na kuisogeza sahani kwa mkono wake. Hakuna aliyemgombeza. Alipowaeleza, mzee alinyanyuka taratibu akaenda kunawa mikono, akanawa muda mrefu.

Ya tano ilikuwa chumba cha fundi cherehani, mtaa wa nyuma. Mlango ulikuwa na kufuli. Dirishani hapakuwa na pazia.

"Amehama," alisema mwenye nyumba, aliyekuwa anafagia uani. "Wiki ya tatu hii. Amepata kazi mji mwingine, sijui hata upande gani. Gari lilijaa: cherehani, watoto, vitanda. Nikamwambia, mama, hiyo ndoo ya udongo acha, inavuja. Akakataa katakata. Ana mmumunye wake humo, umeshaanza maua. Akasema mbegu ya Bibi Bustani haiachwi."

Mkwe aliegemea ukuta. Mgongoni Tonge alikuwa amelala, pumzi yake ya moto shingoni. Ikiwa ulishaanza maua wiki tatu zilizopita, matunda yake yalikuwa tayari sasa. Leo, au kesho.

Mwenye nyumba alikuwa na namba ya simu. Mkwe alipiga pale pale uani. Haikupatikana. Akapiga tena akiwa njiani, na tena getini pa hospitali. Akatuma ujumbe mfupi, kwa herufi kubwa, USILE MUMUNYE, USIWAPE WATOTO, na akakaa kuutazama kama utafanya kitu.

Aliingia wodini. Bibi Bustani alikuwa ameketi, mto mgongoni, uso umeingia ndani kama mtu wa miaka tisini. Hakuuliza juu ya wale wanne. Aliuliza juu ya mmoja tu, kwa macho.

"Amehama, Mama. Simu imezimwa."

Bibi alinyoosha mkono. "Lete."

Mkwe alimpa simu na kumfungua Tonge mgongoni, akamlaza kitandani ubavuni pa bibi yake. Bibi Bustani alibonyeza namba, akaiweka simu sikioni na kusikiliza, macho juu, midomo ikicheza kwa hesabu. Ile sauti ya mwanamke wa kwenye simu ikasema yale yale. Akashusha simu. Akabonyeza tena.